Tone la damu chini ya bawa: jinsi malaria ya ndege inavyogunduliwa

Katika misitu ya milimani ya Hawaii, nchini Marekani, huishi ndege mwekundu mwenye mdomo uliopinda aitwaye ‘i‘iwi. Majaribio yaliyochapishwa mwaka 1995 yalionesha kuwa takriban asilimia 90 ya ndege hao walikufa baada ya kuumwa mara moja tu na mbu mwenye vimelea vya malaria ya ndege. Mbu huyo, Culex quinquefasciatus, aliletwa visiwani humo na meli mwaka 1826. Wakazi wa Dar es Salaam na Zanzibar wanamfahamu vyema: ndiye azaliaye katika vyoo vya shimo na mitaro ya maji machafu, na ndiye aenezaye matende.

Kimelea chenyewe, Plasmodium relictum, hakimwambukizi binadamu. Kwa ndege wa Hawaii, hata hivyo, kujua nani amekibeba na nani hana ni suala la uhai wa spishi nzima, na kazi hiyo ni ngumu kuliko inavyodhaniwa.

Kazi huanza kwa nyavu nyembamba zilizotandazwa kati ya miti. Ndege aliyenaswa hutobolewa mshipa ulio chini ya bawa, na kiasi cha damu kinachochukuliwa hakipaswi kuzidi asilimia moja ya uzito wa mwili wake. Kwa ndege wa gramu 20 hayo ni matone machache tu. Tone moja hupakwa kwenye slaidi. Yanayobaki huhifadhiwa kwa ajili ya uchunguzi wa vinasaba.

Slaidi hutiwa rangi ya Giemsa na kutazamwa kwa hadubini, kama ifanyikavyo katika zahanati zetu kwa mgonjwa wa homa. Sharti moja lisipuuzwe: damu ikaushwe upesi. Ikitoka mwilini na kupoa, vimelea vya hatua ya uzazi hufanya kana kwamba vimekwisha kuingia tumboni mwa mbu. Hujiviringa, huanza kuzaana, na umbo ambalo mtaalamu angelitambua hupotea. Slaidi iliyotayarishwa vyema huonesha kimelea kizima kikiwa ndani ya seli, pamoja na wingi wake, jambo ambalo mbinu nyingine hazilioneshi kwa uwazi huo. Udhaifu wake ni kwamba ndege aliyepona makali ya ugonjwa huweza kubaki na vimelea vichache mno, na jicho lililochoka huvipita.

Vipimo vya haraka vya malaria ya binadamu havifai hapa, kwa kuwa vingi hutafuta protini ya Plasmodium falciparum, kimelea kisichoishi katika ndege. Tegemeo kubwa limekuwa PCR, mbinu iliyopata umaarufu wakati wa UVIKO-19, inayozalisha nakala nyingi za kipande cha vinasaba hadi kiweze kuonekana. Kikwazo kimo katika damu ya ndege yenyewe. Seli nyekundu za binadamu hazina kiini; za ndege zinacho, hivyo vinasaba vya ndege huvifunika vile vya kimelea. Kwa sababu hiyo watafiti hulenga jeni ya saitokromu b, iliyomo katika mitokondria ya kimelea, na mara nyingi huirudia PCR kwa awamu ya pili juu ya mazao ya awamu ya kwanza. Utaratibu wa namna hiyo uliochapishwa mwaka 2004 hutumika hadi leo, na tangu 2009 nasaba zinazogunduliwa hukusanywa katika kanzidata ya MalAvi.

PCR nayo isiaminiwe kupita kiasi. Yaweza kunasa vinasaba vya kimelea kilichoingizwa na mbu lakini kisichoweza kukomaa katika ndege huyo, na aliyeambukizwa nasaba mbili huweza kuonesha moja tu. Aidha, utafiti wa mwaka 2002 kwa ndege walioambukizwa kwa makusudi ulibaini kuwa PCR iliwakosa wengi wenye maambukizi sugu, ambao kipimo cha kingamwili kiliwatambua. Kingamwili, kwa upande wake, haimwoneshi ndege aliyeambukizwa siku chache zilizopita.

Lipo pia pengo lisilozibwa na maabara yoyote. Ndege mahututi hutulia tawini, haruki, na hivyo hanaswi. Wavu huwapata zaidi wazima na walionusurika, na msitu unaouawa na malaria waweza kuonekana salama kwenye takwimu. Ndiyo maana mizoga michache inayookotwa, yenye ini na wengu vilivyovimba, huthaminiwa sana.

Kwa muda mrefu misitu iliyo juu ya mita 1,500 hivi ilikuwa kimbilio, kwa kuwa baridi huzuia kimelea kukomaa ndani ya mbu. Joto linapopanda, kimbilio hilo linapungua. Tangu mwishoni mwa mwaka 2023, katika kisiwa cha Maui, wanaachiliwa mbu madume wenye bakteria aina ya Wolbachia ili mayai ya majike watakaopandana nao yasianguliwe. Ndege wakubwa hawawezi kuonesha kama hatua hiyo imefaulu, maana walionusurika hubaki na kingamwili. Jibu litapatikana katika damu ya makinda walioanguliwa baada ya mbu hao kuachiliwa.