Amerikani: Kitambaa kilichobeba jina la nchi

INGIA katika duka la vitambaa mjini Isiolo, umwambie mwenye duka akukatie mita tatu za amerikani. Hatakuuliza habari za Washington. Atanyoosha mkono, achukue jora la pamba nyeupe isiyo na maua, kitambaa kile ambacho mafundi hujaribia mishono na akina mama hudarizi vitambaa vya kufunikia makochi. Muuzaji huenda ni Msomali au Mborana, mnunuzi Mmeru, Mturkana au Msamburu, na jina ni lile lile kwa wote.

Sasa, mbona pamba nyeupe iitwe kwa jina la nchi iliyo ng'ambo ya Atlantiki?

Kisa chenyewe ni cha karne ya 19, na ni sehemu ya historia ya Marekani ambayo Wamarekani wengi wenyewe hawaijui. Mnamo Septemba 21, 1833, mjumbe wa Marekani, Edmund Roberts, alitia saini mkataba wa biashara na Sayyid Said bin Sultan mjini Muscat. Mwaka wa 1837 Richard Waters, mtu wa mji mdogo wa bandari uitwao Salem, jimboni Massachusetts, akawasili Unguja kuwa balozi mdogo. Waingereza, ambao tumezoea kuwadhania walikuwa wa kwanza katika kila jambo, walimleta balozi wao miaka minne baadaye. Naye Sayyid hakubaki nyuma. Mwaka wa 1840 jahazi lake, Sultanah, lilitia nanga New York likiongozwa na mjumbe wake, Ahmad bin Na'aman. Wenyeji walimshangaa, na mchoraji mmoja akamchora.

Wamarekani walitaka pembe za ndovu na sandarusi. Pembe zilipelekwa Connecticut kuchongwa vibonyezo vya piano. Kuna mji huko unaoitwa Ivoryton hadi leo, yaani mji wa pembe. Sandarusi ilitengenezewa vanishi. Wao walileta nini? Pamba nyeupe, nzito, isiyochujuka, iliyofumwa katika viwanda vya Massachusetts kama vile vya Lowell. Watu wa bara waliipenda kwa kuwa ilidumu.

Hapo ndipo lugha ilipofanya kazi yake. Neno limetujia kupitia Kiarabu, ambamo "amerikani" ni sifa, yaani "-a Amerika". Mswahili alilipokea akalivisha mtu, nguo na nchi kwa pamoja. Baadaye a- ya mwanzo ikadondoka, tukapata "merikani" na "marekani". Ndiyo sababu nchi hii haina u- kama Uingereza, Ureno na Uholanzi. Wanafunzi wangu wa zamani walizoea kushikilia kwamba -ni hiyo ni ya mahali, kama ya "nyumbani" au "sokoni". La hasha! Ni mkia wa sifa ya Kiarabu uliosahaulika.

Kamusi za zamani zimehifadhi pia neno "ulaiti", kitambaa cha kutoka Ulaya, chepesi na hafifu kuliko amerikani. Sikiliza hapo hukumu ya soko: Ulaya nzima imepewa nguo ya kuraruka upesi. Na vipimo vya biashara hiyo bado tunavyo midomoni. Shuka ilikuwa mikono minne, yaani dhiraa nne. Shuka mbili zilifanya doti. Doti kadhaa zilifanya jora. Leo shuka ni ya kitandani au ya begani mwa mfugaji, doti imebakia kwa leso, na jora liko pale rafuni kwa muuzaji wetu. Msafiri wa karne ya 19 aliyetoka pwani kwenda bara alihesabu safari yake kwa maneno haya. Kwa doti alinunua unga, alilipa hongo kwa machifu na kupata ruhusa ya kuvuka.

Lakini tusilipambe jambo hili kupita kiasi. Pamba iliyofumwa Lowell ilichumwa kusini mwa Marekani na watumwa Weusi. Ikaja Unguja, ikalipia pembe zilizobebwa mabegani, na mara nyingine ikalipia watu. Hapo Unguja amerikani nyeupe likawa vazi la watumwa. Mtumwa wa huku akavaa jasho la mtumwa wa kule, wala hapana kati yao aliyejua habari za mwenzake. Utumwa ulipofutwa kisheria Unguja mwaka wa 1897, wanawake walioachwa huru walikimbilia kanga za rangi na maua, na nadhani sababu yao haihitaji maelezo.

Vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani, 1861 hadi 1865, vilikausha pamba, bei ikapanda, na baadaye viwanda vya Bombay vikashika soko. Wahindi walifuma kitambaa kilichofanana na kile cha Massachusetts. Kikaitwaje? Amerikani! Bidhaa ya Marekani iliondoka, jina likabaki na kazi.

Isiolo inaingia vipi? Tazama ramani ya Ewaso Nyiro. (Kwa Kimaa "ewaso" ni mto, "ng'iro" ni rangi ya udongo, kwa hiyo tukisema "Mto Ewaso Nyiro" tunasema "mto mto". Waborana wamefupisha, wanasema Waso tu.) Ukishuka na mto kuelekea mashariki, ukiacha Shaba nyuma, utakuta maporomoko yaliyoandikwa Chanler.

William Astor Chanler alikuwa kijana tajiri wa New York, wa ukoo wa Astor. Mwaka wa 1892, akiwa na umri wa miaka 25, aliondoka pwani na Ludwig von Höhnel, afisa wa jeshi la majini la Austria, wakafuata Mto Tana wakiwa na wapagazi wa Kiswahili. Walifuata Ewaso Nyiro hadi Lorian, wakidhani ni ziwa kubwa. Kumbe ni kinamasi! Vitabu husema Chanler "aligundua" maporomoko. Kitenzi hicho kinanikera. Wafugaji walikuwa wakinywesha mifugo kwenye mto huo tangu jadi. Kilichokuwa kipya ni jina tu.

Mwaka wa 1893 faru alimjeruhi vibaya von Höhnel, akabebwa hadi pwani. Wanyama wa mizigo walikufa, wapagazi wengi wakatoroka, na mwaka uliofuata Chanler akarudi bila kufika kaskazini alikokusudia. Kwao alichaguliwa mbunge. Wanasayansi walimpa pia jina la aina ya tohe wa milimani, chanleri. Wapagazi waliobeba majora yale hadi kwenye mto wetu hawakuachiwa hata kijito, na tohe yule angali anakula nyasi zake bila kujua anaitwa nani.