Ajali Haina Kinga, Kichwa Kinayo

Wahenga walisema ajali haina kinga. Msemo huu tumeukumbatia mno, hasa tunaposimama kando ya kaburi la kijana aliyeanguka na pikipiki. Tunautamka, tunatikisa vichwa kwa huzuni, kisha tunapanda pikipiki zile zile na kurejea makwetu. Mimi nami nimeutamka mara nyingi. Lakini hivi majuzi binti yangu mwenye umri wa miaka 14 aliniuliza swali lililonifanya niutazame msemo huo kwa jicho jingine.

Kwa muda wa miaka 7 nimekuwa nikienda kazini kwa pikipiki katika barabara itokayo Bungoma kuelekea Chwele. Miaka yote hiyo helmeti yangu ilikuwa ile ile moja, niliyoinunua kando ya barabara kwa shilingi 1,000. Rangi yake ilikuwa imepauka. Kioo chake cha usoni kilikuwa kimejaa mikwaruzo, hata usiku taa za magari zikawa zinanitawanyikia machoni kama cheche. Kifungo cha ukanda wa kidevu kilipovunjika, niliufunga ukanda kwa fundo. Fauka ya hayo, niliwahi kuteleza matopeni nikiwa nimeivaa, kichwa kikagonga ukingo wa daraja. Nilinyanyuka salama, nikaipangusa, nikaivaa tena. Tena nikaisifu mbele ya marafiki kwamba ndiyo iliyoniokoa. Sikujua kuwa kwa kuniokoa siku ile, ilikuwa imemaliza kazi yake.

Wengi wetu hudhani kwamba kinachokinga kichwa ni lile gamba gumu la nje. Gamba lina kazi yake, kwani huzuia vitu vyenye ncha na kulitawanya pigo. Lakini mlinzi hasa ni tabaka la ndani la povu gumu jeupe, jamii moja na lile ambalo televisheni mpya huzungushiwa ndani ya katoni. Kichwa kinapogonga lami, povu hilo hubonyea na kupondeka, na nguvu ambayo ingeuendea ubongo hupunguzwa humo. Tatizo ni kwamba likishapondeka halirudi lilivyokuwa. Helmeti iliyokwisha kupata pigo kubwa ni sawa na njiti ya kiberiti iliyokwisha kuwashwa: kijiti kingalipo, moto haupo.

Isitoshe, helmeti huzeeka hata kama haijawahi kuanguka. Jua kali, jasho, mafuta ya nywele na mvuke wa petroli huidhoofisha polepole. Sponji ya ndani hunywea, na helmeti iliyokuwa ikikibana kichwa vizuri huanza kuchezacheza kama sufuria juu ya figa. Hata tabia yetu ya kuitundika kwenye kioo cha pikipiki hulitoboa na kulibonyeza povu lile. Ndiyo maana watengenezaji wengi hushauri helmeti ibadilishwe baada ya takriban miaka 5, na ibadilishwe mara moja ikiwa imepata pigo katika ajali.

Elimu hii si ya jana wala juzi. Mwezi Mei mwaka 1935, T. E. Lawrence, yule mwanajeshi na mwandishi Mwingereza aliyepata umaarufu Uarabuni, alianguka na pikipiki nchini Uingereza na kufariki siku 6 baadaye kutokana na majeraha ya kichwa. Hugh Cairns, mmoja wa madaktari waliomhudumia, hakutosheka kusema kwamba ajali haina kinga. Alichunguza vifo vya waendeshaji pikipiki, na mwaka 1941 akachapisha matokeo yaliyoonyesha faida ya helmeti. Mwaka huo huo jeshi la Uingereza likawaamuru waendeshaji wake wazivae kazini. Baadaye sana, mwaka 2008, wataalamu waliotathmini tafiti nyingi kwa pamoja walikadiria kwamba helmeti humpunguzia anayepata ajali hatari ya kufa kwa asilimia 42, na hatari ya kuumia kichwa kwa asilimia 69. Je, hiyo si kinga?

Haya yote niliyajua baada ya helmeti yangu kuchanika kitambaa cha ndani. Nilipokivuta ili nikishone, niliona ufa mrefu katika lile povu jeupe, mahali pale pale nilipogonga daraja. Mwili ulinisisimka. Kumbe kwa miaka kadhaa nilikuwa nimebeba kichwani pambo! Jumamosi iliyofuata nilikwenda mjini nikanunua helmeti ya shilingi 6,500, yenye alama ya ubora unaotambuliwa kimataifa, ile herufi E ndani ya duara pamoja na nambari. Kwa kuwa alama huweza kughushiwa, niliijaribu pia: nilifunga ukanda, nikatikisa kichwa, nikajaribu kuivua kwa kuisukuma kutoka kisogoni. Haikutoka.

Nilirudi nyumbani nikijiona bingwa. Siku ya kufungua shule ilipowadia, nilivaa helmeti yangu mpya, nikamkabidhi binti yangu ile kuukuu ili nimfikishe kituo cha matatu. Aliitazama, akaigeuza, akachungulia ndani. Kisha akaniuliza kwa sauti ya upole:

"Baba, si umesema hii imekufa? Sasa mbona mimi ndiye unayenivisha?"

Msomaji mpenzi, sikuwa na jibu. Nilizima injini. Siku hiyo binti yangu alifikishwa kituoni kwa miguu, mimi nikimbebea sanduku, na jioni nikarudi dukani kununua helmeti ya pili. Nilikuwa nimefanya lile ambalo wengi wetu hufanya bila kufikiri. Chakavu hatukitupi, humpa abiria. Nguo ikichakaa huwa tambara la kudekia na hakuna anayedhurika. Lakini je, fuvu la mtoto ni la daraja la pili?

Sheria ya Trafiki, iliyofanyiwa marekebisho mwaka 2012, inamtaka mwendeshaji na abiria wake wote wawili wavae helmeti. Lakini tumezoea kuitii sheria hiyo kwa jicho la askari. Tuna helmeti ya polisi, na hatuna helmeti ya kichwa. Nenda steji yoyote ya bodaboda utaiona imening'inia kwenye usukani, haina ukanda, na huvaliwa tu kizuizi kinapoonekana mbele. Abiria naye huikataa kwa sababu inanuka jasho la watu wengi, na siwezi kumlaumu. Lakini leso safi au kofia nyepesi ya kitambaa chini yake ingelimaliza tatizo hilo.

Najua kuna atakayesema kwamba shilingi 6,500 ni fedha nyingi. Ni kweli. Lakini ukizigawa kwa siku za miaka 5, ni chini ya shilingi 4 kwa siku. Hakuna chai ya bei hiyo katika hoteli yoyote ya mjini. Vyama vya bodaboda ambavyo huchanga kununulia wanachama pikipiki na kugharimia mazishi vingeweza pia kuchanga wanunue helmeti bora kwa jumla. Nalo Shirika la Kukadiria Ubora wa Bidhaa (KEBS) lisichoke kuzisaka helmeti hafifu madukani, kwani mnunuzi hana uwezo wa kupasua gamba aone lililomo ndani.

Ile helmeti yangu ya zamani ilinitia katika mtihani mwingine. Kijana mmoja wa steji ya hapa kwetu, ambaye hana helmeti kabisa, aliniomba nimpe. "Mzee," alinisihi, "si ni afadhali hiyo kuliko kichwa kitupu?" Hoja yake haikuwa ya kipumbavu, na ilinikosesha usingizi. Lakini nilijua kwamba nikimpa hatatafuta nyingine, na ile yenye ukanda uliofungwa kwa fundo ingemtoka kichwani kabla hajaifikia lami. Asubuhi niliikata vipande viwili kwa msumeno mbele yake, nikamwonyesha ule ufa. Kisha tukaafikiana: nimlipie nusu ya bei ya helmeti njema, naye nusu iliyobaki aweke akiba kidogo kidogo. Amekwisha kuinunua.

Basi na wewe ndugu msomaji, kabla hujaondoka na pikipiki yako kesho, chungulia ndani ya helmeti yako. Kisha chungulia na ile unayompa abiria. Wahenga hawakukosea: ajali haina kinga. Lakini kichwa kinayo, na hatuna haki ya kumsingizia Mola yale tuliyoshindwa kuyanunua sisi wenyewe.