Deadlock: muchezo wa kupanga mbele ya kupiga

Battlestar Galactica Deadlock ni muchezo wa ordinatere wenye Black Lab Games ya Australia ilitengeneza, na ulitoka mwaka 2017. Unatokana na mfululizo wa televisheni, na unaonyesha vita ya kwanza kati ya bantu na Cylon, mashini zenye bantu benyewe balitengeneza.

Hapa hakuna zamu yangu, zamu yako. Unapangia kila chombo njia na shabaha, adui naye anapanga yake, kiisha amri zote zinatendeka pamoja. Ukilenga pahali adui iko sasa, utamukosa; fikiri kwanza pahali atafika. Tena Jupiter, chombo kikubwa, inageuka polepole: ianze kugeuka mbele adui hajafika.

Kuko pia makoloni 12 ya kulinda. Koloni yenye kuachwa inatoka kwenye baraza, na tylium yenye ilikuwa inaleta inapotea. Bila tylium, haujenge vyombo vingine. Na kikosi kimoja hakiwezi kuwa kila pahali.

Sisi benye kutoka masomo tunajua hii hesabu: unachagua mbele ya kuona yote, na kwenye haukuenda kunakuwa na bei yake. Njo maana, mbele ya kutoa amri, jiulize: nitakubali kupoteza nini?