Jiko lako la zamani linakula pesa ngapi?

Wengi wetu, kambini na hapa Kampala, tunapikia sigiri ya bati tupu kwa sababu bei yake ni ndogo. Lakini bati hupoteza joto, na makaa huisha upesi. Sigiri yenye udongo ndani, iliyoanza kuenea Nairobi miaka ya 1980, hutunza joto. Piga hesabu: ikikuokolea makaa ya shilingi 500 kila siku, kwa siku 60 umebakiza shilingi 30,000.

Udongo ukipasuka, muulize fundi kwanza kama anaweza kubadilisha udongo peke yake.

Kumbuka: hata jiko jipya hutoa hewa ya sumu isiyo na harufu. Pikia nje, na usilale nalo chumbani, hata usiku wa baridi.