WAFANYAKAZI WA VYUO NA SIHA YA AKILI YA WANACHUO

Imekuwa ada kwamba mwanachuo anapoacha kuhudhuria darasani, jina lake hupelekwa kwa msajili na shauri lake humalizika kwa barua ya onyo. Chuo kina haki ya kuiandika barua hiyo. Hata hivyo, yafaa kwanza iulizwe sababu, kwani utoro mara nyingine ni dalili ya maradhi, si uvivu.

Kwa mujibu wa Shirika la Afya Duniani, kujiua ni miongoni mwa sababu kuu za vifo vya vijana wenye umri wa miaka 15 hadi 29. Aidha, maradhi mengi ya akili huanza kabla ya mtu kutimiza miaka 25, nao ndio umri wa wengi waliomo dakhalia, mbali na wazee wao. Mzazi aliye Wete au Micheweni hawezi kujua kuwa mwanawe aliye Tunguu halali usiku. Mwenye kujua ni msimamizi wa dakhalia, mpishi anayerejeshewa sahani haikuguswa, mlinzi wa lango, au karani anayemwona kijana akirudi mara ya tatu kwa deni lilelile la ada. Kwa hiyo jukumu hili si la wahadhiri peke yao.

Wala hawatakiwi kutibu. Mwongozo wa huduma ya kwanza ya kisaikolojia, uliotolewa na Shirika hilo mwaka 2011, unataja mambo matatu: kutazama, kusikiliza na kuunganisha. La pili ndilo zito kwa watu waliozoea kuhutubu. Mlango usindikwe, kijana asikilizwe bila ya kukatizwa, na akiwa wa kike, yafaa apatikane mfanyakazi wa kike. Asiambiwe kuwa imani yake ni dhaifu. Kauli hiyo hufunga vinywa. Dua haimzuii mtu kwenda kwa daktari, na anayekunywa dawa asiziache katika mwezi wa Ramadhani kabla ya kumuuliza daktari wake.

Wengi huogopa kumuuliza mtu iwapo anafikiria kujiua, wakidhani watamtia fikra hiyo. Dhana hiyo si sahihi. Swali la wazi, likiulizwa kwa upole, humpa nafasi ya kuutua mzigo. Akijibu kuwa ndiyo, asiachwe peke yake, na apelekwe hospitali siku hiyohiyo. Anayempeleka afuatane naye hadi kwa daktari. Kumpa kikaratasi tu hakutoshi, hasa ikiwa ni Kidongo Chekundu, ambako wengi huona haya kuonekana langoni.

Siri ya mwanachuo ni amana. Haitolewi isipokuwa maisha yamo hatarini, na hapo huelezwa wale tu wanaohitajika kumwokoa, naye mwenyewe akajulishwa kwanza.

Wakuu wa vyuo wanashauriwa kumteua mfanyakazi mmoja wa kushughulikia mambo haya, na kulibandika jina lake dakhalia na maktaba, pamoja na saa anazopatikana.