Fahamu: Gari Bovu Uani, Sheria Yasemaje?

Lini huwa kosa?

Gari lililokwisha safari zake, likawekwa juu ya mawe uani, magurudumu yameng'olewa na majani yamechomoza penye injini, halina hatia kwa uchakavu wake. Hatia huja pale linapogeuka kero yenye kudhuru afya, kama ielezwavyo na Sheria ya Afya ya Umma ya Kenya, Sura ya 242.

Nani mwenye mamlaka?

Jedwali la Nne la Katiba ya 2010 limezikabidhi kaunti udhibiti wa kero za umma na uzoaji wa taka, hivyo Kitale i chini ya serikali ya Trans Nzoia, na mji wa Bungoma chini ya kaunti ya jina lake. Mwenye maskani hupewa ilani yenye muda maalumu, na akikaidi, hushtakiwa mahakamani.

Hatari yenyewe

Mvua ikishanyesha, inama uchungulie tairi kuukuu lililolala kando ya gari hilo: maji yaliyotuama humo aghalabu yamejaa viluwiluwi vya mbu, ilhali Bungoma malaria ingali maradhi mazito, hasa kwa watoto wadogo.

Ukitaka kuliuza

Mfanyabiashara wa vyuma chakavu sharti awe na leseni, kwa mujibu wa sheria ya mwaka 2015, mwombe akuonyeshe.