Maana za Neno "Crack" katika Kiingereza

Yako maneno yaliyozaliwa kwa kuiga sauti, ambayo baadaye huiacha sauti yenyewe. Mojawapo ni "crack" la Kiingereza. Katika Kiingereza cha Kale, kitenzi "cracian" kilimaanisha kutoa mlio mkali. Kwa kuwa kitu kigumu hulia kinapopasuka, jina la mlio lilihamia kwenye mpasuko, kisha kwenye ufa usio na sauti yoyote. Njia ya pili ilipita kinywani mwa mtu: kelele ikawa majivuno, na kitu cha kujivunia kikaitwa bora, ndiyo sababu askari hodari hupewa sifa hiyo. Huko Uskoti neno likawa mazungumzo, nako Ayalandi likaandikwa "craic", yaani furaha ya maongezi. Katika miaka ya 1980 kokeini ya kuvutwa ilipata jina hilo kutokana na mlio wake ichomwapo.

Kiswahili hutenga mambo haya: ukuni hudata, bali ukutani hubaki ufa. Mfasiri ashikiliaye "ufa" pekee atawageuza askari hodari kuwa askari wenye nyufa. Hana budi kwanza kuutambua mlio, ndipo aifuate njia ambayo maana imepita.